Kinyumenyume Hadi Keza

Asubuhi ile Theonest alianika dira kwenye ungo mmoja na maharage, kwa sababu nyumba ilikuwa na ungo mmoja tu, na mvua ya usiku haikuchagua: iliingia kwenye mkoba wa jeshi kama ilivyoingia kwenye debe la maharage. Mama yake, Marsiana, alikuwa amekalia kinu kilichopinduliwa, akichambua. Jiwe alilitupa, harage bovu alilitupa, dira aliigeuza ipate jua upande wa pili.

"Na hiki ndicho kitanifikisha Keza?" aliuliza, dira moja ikiwa kiganjani.

"Hicho kinaonyesha kaskazini tu, mama. Kufika ni kazi ya miguu."

"Miguu ninayo tangu nizaliwe. Haijanifikisha."

Hilo lilikuwa kweli, na kijiji kizima cha Twendembele kililijua. Tangu Operesheni ya mwaka sabini na nne, watu waliposombwa kwa malori kutoka milima ya Keza na kumwagwa huku porini upande wa Runazi, hakuna aliyeweza kurudi kwao kwa miguu. Si kwamba walizuiwa. Mtu aliaga vizuri, akafunga viazi vyake, akatembea kutwa nzima akielekea kwao, akavuka kijito, akapanda kilima, akateremka, na pale alipotarajia kuona migomba yake akaiona ofisi ya kijiji, bendera, na Mwenyekiti Desderius akipiga mswaki. Mwenyekiti alimpa pole ya safari, kisha akampa jembe la shamba la pamoja.

Waliopanda gari walisafiri bila taabu. Theonest mwenyewe alikwenda sekondari kwa basi, akarudi kwa basi, na cheti cha kidato cha nne na suruali ya bugaluu. Lakini gari halikufika Keza, na aliyeshuka njiani ili amalizie kwa miguu alijikuta ofisini, nyayo zikiwa na vumbi jekundu la kwao. Wengine walilikung'uta vumbi hilo kwenye bakuli wakaliweka. Watu walizoea, kama walivyozoea mbung'o.

Marsiana hakuzoea. Mumewe alikuwa amezikwa Keza, katikati ya migomba aliyoipanda yeye Marsiana kwa mikono yake, na kila jioni aliposonga ugali wa muhogo aliuambia ugali kwamba yeye si mtu wa ugali. Kwa hiyo vita ya mpakani Mutukula ilipoanza, na likaja tangazo kwamba kijiji kitoe kijana mwenye elimu akasomee ramani na dira Biharamulo, ili aje awafundishe wenzake wa mgambo, Theonest alinyoosha mkono kabla tangazo halijaisha. Watu wakausifu uzalendo wake. Uzalendo alikuwa nao, wa kiasi. Alichotaka ni kumfikisha mama yake nyumbani.

Alirudi na mkoba wa dira, ramani moja, na Sajini Philbert, mtu mrefu kutoka Dodoma ambaye kila mvua iliponyesha alionekana kama aliyetukanwa yeye. Agizo la Sajini lilikuwa fupi. Patafutwe mahali pazuri pa kufundishia: pawe na kilima kinachoonekana kwa mbali, pawe na kijito cha kumsimamisha aliyepotea asizidi kupotea, na chuma kisiwe karibu. Siku vijana watakapoweza kutoka hapa wakafika pale bila kuuliza mtu, mafunzo yatakuwa yamekwisha na lori litakuja kuwachukua.

Ramani ilikuwa imechorwa enzi za Mwingereza. Twendembele haikuwamo, mahali pake paliandikwa pori. Lakini milima ya Keza ilijaa vinukta vyeusi, na kila kinukta kilikuwa nyumba.

"Changu kipi?" aliuliza Marsiana.

Theonest akamwonyesha kimoja. Alikibahatisha. Mama yake akakiwekea kidole, na hakukiondoa mpaka maharage yalipoungua jikoni.

Mahali pa kwanza palikuwa kilima cha nyuma ya shule. Vijana walijipanga, bunduki za mbao mabegani, Theonest akawapa uelekeo wa magharibi moja kwa moja. Sindano zilitulia vizuri. Walikwenda magharibi bila kupinda mpaka njaa ikawauma, wakatokea ofisini kwa upande wa mashariki. Sajini alilitazama paa la ofisi, ambalo ndilo pekee la bati kijijini, akasema bati linavuta sindano. Wakahamia bondeni, mbali na bati. Wakatokea ofisini. Wakaenda kwa Landrova mpaka Mugoma, safari ya asubuhi nzima, wakashuka kwenye mteremko mzuri wenye kijito na kila kitu. Baada ya mwendo wa kuchemsha chai walikuwa wamesimama mbele ya bendera. Landrova ilibaki Mugoma, na dereva akalazimika kurudi peke yake akipiga honi kila kilima, akidhani wamejificha.

"Eneo halifai," alisema Sajini. "Tafuta jingine."

Sindano haikuwa na kosa. Theonest aliipima asubuhi, mchana na jioni, nayo ikaonyesha kaskazini kama mtumishi mwaminifu. Mwendo ndio ulikuwa na pa kwenda pake.

Mwenyekiti Desderius alianza kukosa subira. Kwake yeye herufi l na r zilikuwa mapacha, akiita huyu anaitika yule.

"Bwana Theonest, umepata mahari?"

"Bado, mzee."

"Jeshi rinasubiri mahari, wewe unazunguka tu."

Nyandwi, kijana wa mgambo mwenye ulimi mrefu kuliko bunduki yake, akaingilia kwa adabu zote. "Shikamoo, mzee. Huyu mahari atatoa wapi, na mchumba mwenyewe hana?"

"Marahaba. Mchumba wa nini? Kirima kinatosha."

"Amesikia, mzee. Ataoa kilima."

Vijana walicheka mpaka bunduki zikaanguka. Theonest alicheka nao, lakini kicheko kilimwishia mapema. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba kabla ya Krismasi atakuwa amekaa kwake, na mama alikwisha kugawa kuku wake watatu kwa majirani.

Ufumbuzi ulitoka kwa Mwenyekiti, ingawa hakuukusudia. Asubuhi moja aliwasimamisha wakiwa wameshapanga mstari.

"Tangu mmeanza mafunzo haya," alisema, "kira siku mnaondoka mkiipa bendera kisogo. Chama hakipewi kisogo."

Sajini akaeleza kwamba askari huenda mbele, na mbele ni kule. Mwenyekiti akasema nendeni huko kunakoitwa kule, hakuna aliyewakataza, lakini nyuso zibaki hapa. Mvua ilikuwa imeanza tena. Sajini hakuwa na nguvu ya kubishana na mvua na Chama kwa mpigo mmoja, akamwambia Theonest afanye anavyoambiwa.

Theonest akawageuza. Uso mashariki kwenye bendera, kaskazini mkono wa kushoto, mwendo magharibi, kinyumenyume.

Walianguka sana. Kijito walikivuka kwa makalio. Ofisi ikapungua, bendera ikawa kama jani, kisha kilima kikaifunika, nao wakaendelea kuitazama pale walipodhani ipo. Baadaye nyayo zikaanza kuwaambia mambo. Udongo ulikuwa laini, umetandikwa majani makavu ya migomba. Harufu ya ndizi zilizoivia mtini iliwajia kutoka nyuma, na ndege walilia ambao hawajasikika Twendembele.

Nyandwi alikuwa wa kwanza kusimama. "Nimeegemea kitu cha kwetu," alisema.

"Unajuaje ni cha kwenu?" aliuliza Theonest.

"Ni mvule. Una kovu la panga. Lile kovu nilichapwa kwa ajili yake." Alikuwa amepeleka mkono nyuma, akilipapasa.

Kijana mmoja akageuza kichwa aone. Hakuwepo tena. Walimkuta jioni ofisini, jembe mkononi, akiwa amekwisha kulima matuta mawili. Wengine wote walijifunza kwake: Keza inafikika, ila haitazamiki. Kurudi kulikuwa rahisi. Unageuka tu.

Sajini Philbert aliridhika. Vijana walikuwa wametoka hapa wakafika pale, hawakumwuliza mtu, na uso wa kila mmoja haukutoka kwenye shabaha. Alisema kwa miaka yake yote jeshini hajaona mahali pa kufundishia pazuri kama hapo. Ijumaa lori likaja.

Theonest alikuwa amesahau lori. Alikuwa ameliweka akilini mbali sana, nyuma ya Keza. Sasa lilisimama mbele ya ofisi, injini ikinguruma, na vijana wakapanda mmoja mmoja wakimkabidhi bunduki zao za mbao kwa sababu huko waendako wangepewa za kweli. Nyandwi alikaa ukingoni kabisa, uso ukitazama kijiji.

"Mwalimu," alisema, "na mimi naondoka kinyumenyume. Sijui hili nalo litanishusha kwetu."

Likaelekea kaskazini, njia ya Mutukula. Theonest aliomba naye aende, Sajini akakataa. Kundi jingine lilikuwa linakuja Jumatatu, na baada yake jingine, na mwalimu wa mahali pale alikuwa yeye.

Jumamosi akamchukua mama yake. Marsiana alivaa kanga mpya na kujitwisha sufuria, chumvi na kigoda. Theonest alimshika mkono, wakaondoka mbele ya ofisi nyuso zikitazama bendera, na Mwenyekiti akawapungia, akifurahi kuona wazee nao wameelimika. Mama hakuanguka hata mara moja. Alitembea kinyumenyume kama mtu anayepima kitambaa.

Walipofika, alisimama, akapapasa chini kwa kisigino mpaka akagusa mawe. "Huyu hapa," alisema. Akamsalimia mumewe kwa Kihangaza, kwa utaratibu, akiwa amempa mgongo, akamwomba radhi kwa mgongo huo. Kisha akarudi hatua chache zaidi na kuweka viganja nyuma. Aligusa ukuta.

"Ego," alisema. Ndiyo. "Nyumba ipo."

Siku ya Operesheni Theonest alikuwa juu ya lori, mtoto wa shule, na alitazama. Watu wa Operesheni waliwasha moto mapaa yote ya mlimani, nyumba moja baada ya nyingine, ili mtu asiwe na pa kurudi. Mama yake alikuwa amejifunika kanga usoni safari nzima. Kuanzia siku ile hakuuliza, naye Theonest hakusema. Na sasa wote wawili walikuwa hapo, na hakuna aliyeweza kugeuka.

"Nasikia kivuli cha paa shingoni," alisema mama.

"Labda ni mgomba, mama."

"Mwana wanje, mwanangu, kivuli cha paa langu nakijua."

Akabaki. Wengine wa kijijini nao walijaribu, na Mwenyekiti hakuwazuia, maana hakuna aliyeipa bendera kisogo. Hawakudumu. Mmoja aliita jina la mke wake, mke akageuka kwa mazoea. Mwingine alitaka tu kuona kama chungu kimechemka. Wote walipokelewa ofisini na majembe yao. Marsiana alipika kwa kusikiliza chungu, alipalilia migomba kwa mikono iliyopelekwa nyuma, alilala ubavu uso ukiwa mashariki. Kila Jumatatu aliona kundi la vijana likimjia kutoka bondeni, visogo mbele. Waliimba nyimbo za vita, wakampita pande zote mbili, wakanyamaza nyuma yake. Hakumjua hata mmoja kwa uso. Visogo alivijua vyote, na lori lilipovichukua aliuliza vilikokwenda.

"Mbele," alijibu Theonest.

Vita ikaisha, makundi hayakuisha. Mahali palikuwa pazuri mno kuachwa. Pakatangazwa kuwa eneo la mafunzo, raia haruhusiwi kuishi, na kwa kuwa hakuna ofisa aliyeweza kuthibitisha kwa macho kwamba pana mtu anaishi, Marsiana hakusumbuliwa. Barua ya chuo cha ualimu iliyomwita Theonest ilijibiwa na Mwenyekiti mwenyewe, kwamba kijana huyo amekwisha kupata mahari.

Siku moja ya masika Theonest alikuwa amekaa kando ya mama yake, wote wakitazama upande wa ofisi, wakimenya ndizi. Mvua ikaanza.

"Turudi ndani ya baraza," alisema mama.

Wakajisogeza kinyumenyume mpaka migongo ikagusa ukuta wa udongo. Mvua iliwanyeshea vilevile kama ilivyowanyeshea walipokuwa uwanjani, ikiwapiga utosini, ikiingia shingoni, ikijaa kwenye sufuria.

Maji yalimtiririka Marsiana usoni.

"Paa linavuja," alisema. "Ukija tena uniletee nyasi."

"Nyingi, mama?"

"Hapana. Za kuziba tu."

Alipokuja tena alibeba mzigo mmoja wa nyasi kavu. Alisimama kando ya mama yake, akafungua kamba, akazirusha nyuma juu ya ukuta, shada baada ya shada, akazisikia zikianguka ndani, chini kabisa, kwenye majivu yaliyolowana.

"Vizuri," alisema Marsiana, akitazama mashariki. "Sasa ongeza kidogo upande wa kushoto."