Vifundo vya Zuwena

Usingizi hauna adabu, haubishi hodi. Mize wa Jambiani unamkuta mchana kweupe pwani, kaegemea gunia, anasubiri maji yatoke aende shambani kwake. Shamba lenyewe ni la mwani, humo humo baharini, na amelilima miaka mingi na dada yake Zuwena, hadi Zuwena alipofariki mwaka jana. Lakini vifundo alivyofunga Zuwena vingali kwenye kamba, vifundo vya taitai, zile nyuzi za plastiki za buluu za kushikizia miche, na Mize hataki kuvifungua, ng'o! Wenzake wa kikundi wameshaacha taitai, wanasokota nyuzi za makumbi ya nazi kama bibi zao. Mize, wanamwambia, plastiki hiyo inakatika, inakwenda na maji, samaki wanaila. Naye huwajibu, mikono ya dada yangu imo mle, mnataka nimzike mara ngapi?

Basi anafumba macho, anafumbua, na pwani si pwani tena. Ni njia ya mchanga isiyo mwisho, na huku na huku imesimama miji ndani ya maji, nyumba juu na nyumba ile ile chini, kichwa chini miguu juu, na kila akiipita miji inahama, inakwenda kumngoja mbele. Anatembea, anatembea, anajikuta pale pale. Hapo amesimama mtu kajitanda kanga, hana uso, pametakata kama yai lililomenywa. Mize hata haogopi, maana ana jambo moja tu moyoni. Anauliza, dada yangu yuko wapi? Mtu yule anasema, kitendawili. Ulimi una mazoea yake, Mize anaitika, tega. Mtoto wangu hazeeki, hafi, na akitoka nyumbani harudi. Mize anafikiri, anashindwa. Basi nipe mji, anasema asiye uso. Ah, hilo tu? Mize anatoa mji kama watoto wanavyotoa kila siku barazani, anasema, nimekupa Makunduchi. Na Makunduchi kule majini, ya juu na ya chini, inaanza kuzongwa na nyuzi za buluu, mlango hadi mlango, dirisha hadi dirisha, mpaka haionekani. Lo! Mize anashika kifua. Kumbe huku mji ukitolewa unakwenda kweli.

Kitendawili, anasema tena asiye uso, na ni kile kile. Safari hii Mize anazitazama zile nyuzi, na kila uzi una kifundo, kimezungushwa mara mbili kushoto, kikaachiwa kimkia. Duniani alikuwa akifunga hivyo mtu mmoja tu. Jibu limemfika kooni, lakini atamsemaje marehemu? Anadanganya, sijui, nimekupa Kizimkazi. Na Kizimkazi nayo inazongwa, na mtoto wa kasa anapita mbele yake, uzi umemkaba shingo, anapiga makasia yake madogo bila kufika popote. Mize anamhurumia, anamnyooshea mkono, hamfikii. Sasa umebaki mji mmoja. Ni Jambiani, wanawake wamo majini mpaka kiunoni, watoto wanachezea mchanga. Nipe mji, anasema asiye uso, na sauti yake ni ya upole, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Mize analia. Siutoi, anasema. Jibu ninalo. Ni kifundo cha dada yangu.

Pale palipokuwa patupu panachomoza pua, kisha macho, kisha lile pengo la jino la mbele. Ni Zuwena. Dada, nisamehe, nimekusema vibaya. Umenisema kweli, mjinga we, anacheka Zuwena, na kumfuta machozi kwa pindo la kanga. Sikujua, mdogo wangu. Nilifunga kwa nia njema. Lakini kila siku kimoja kinakatika, kinakwenda kumkaba kiumbe wa Mungu, nami huku nasikia. Unanipenda, najua. Ndiyo uniachie kosa langu mpaka kiyama? Nifungulie.

We Mize! Maji yametoka zamani! Ni Patima, shoga yake wa kikundi, anamwamsha, au pengine bado anamwota, hajui. Mize anasimama, anachukua furushi la nyuzi za makumbi kwa Patima, anaingia shambani. Hakati, anafungua, kimoja kimoja, na kila kimoja anakitia guniani, kisipotee hata kimkia. Machozi yanamtoka na vidole vinakwenda. Palipokuwa na taitai anafunga uzi wa makumbi. Kamba imelegea, na kukaza kamba ni kazi ya watu wawili, zamani yeye na Zuwena, basi anashika ncha yake, anasema, Patima, vuta huko. Kamba inavutwa, inakazika sawasawa.

Naam, umeniita? anaitika Patima, kutoka nyuma yake, kule mbali mchangani. Mize hainui macho. Kaza kidogo tena, anasema kwa sauti ndogo, na kamba inakazwa.