Kikombe Kwenye Dashibodi

Kikombe kiliwaka tena tulipopita ukuta wa kiwanda cha saruji. Kilikuwa kidogo, cha rangi ya chungwa, kimekaa nyuma ya usukani na mistari mitatu ya mvuke juu yake. Gari likatoa mlio mmoja wa upole, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe, na abiria wangu sita wakaitikia kwa pamoja:

"Karibu chai!"

"Ahsanteni, nimeshakunywa," nikajibu, na sote tukacheka. Hata mshonaji alicheka, yeye ambaye asubuhi za kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu hakuwa na nguvu ya kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe.

Miaka imepita na bado nakiona kile kikombe. Nikipika chai nakiona. Nikifumba macho ndiyo kabisa.

Nilikuwa dereva wa hospitali. Kazi yangu ilikuwa kuwabeba watu ambao figo zao zimechoka. Siku tatu kwa wiki, saa kumi na moja alfajiri, nilipita mlango kwa mlango, nikiwapeleka kusafishwa damu kabla jua halijawa kali. Nikichelewa, mashine hupewa mwingine. Nisipofika kabisa, hilo halihitaji kuelezwa. Kwa hiyo sikuchelewa, miaka ishirini na miwili, na nilijivuna nalo waziwazi, maana mnyenyekevu sikuzaliwa.

Gari la zamani lilikuwa na makengeza. Taa moja ilimulika barabara, nyingine ilimulika ndege mitini. Nililizoea kama mtu anavyozoea mke mkali. Kisha likaja jipya, jeupe, lenye kamera usoni na masikioni, na hospitali ikatuita wawili tukasomeshwe siku tatu namna ya kulitumia: mimi, na fundi wa karakana, tuliyemwita Spana. Mimi nilikataa. Mtu aliyeshika usukani miaka ishirini na miwili anaenda kufundishwa nini, kukaa? Spana akaenda peke yake, akarudi na daftari, ili anifundishe.

Lazima niseme Spana alikuwa nani kwangu, la sivyo hadithi hii itakuwa ya gari tu. Ndiye aliyesimama ubavuni mwangu siku ya harusi. Ndiye aliyetutoa hospitali na mtoto wetu wa kwanza, ndani ya gari lisilo na gia ya pili. Mke wangu alimwita shemeji, naye alifunua masufuria yetu bila kuomba ruhusa. Na mwaka mmoja kabla ya hilo gari jipya, nilipolikwaruza la zamani ubavu mzima kwenye ukuta, alilinyoosha na kulipaka rangi siku ya mapumziko, ofisi isijue. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, ulisinzia?" Nikamwambia nilikuwa nakwepa mbwa. Akatikisa kichwa, akaendelea kupaka rangi. Tulikuwa chanda na pete.

Somo lenyewe alilitoa vizuri, hilo simnyimi. Aliingiza gari karakanani, akafunga milango ili pawe giza, akalielekeza kwenye ukuta.

"Zungusha usukani," akasema.

Nikazungusha. Mwanga ukatembea ukutani, ukafuata mkono wangu, kulia, kushoto. Nilijikuta nacheka.

"Taa zinageuka na wewe. Ukikata kushoto zinakata, zinakuonyesha kona kabla pua ya gari haijafika. Likija gari mbele, zinajishusha zenyewe, zisimchome mwenzio machoni. Lina adabu kukushinda wewe."

Akanionyesha kamera ndogo nyuma ya kioo cha mbele, inayosoma mistari ya barabara. Ukiuvuka mstari bila kuwasha taa ya kukatia kona, usukani unatetemeka na kukurudisha. Akanionyesha taa ndogo ndani ya kioo cha pembeni, inayowaka mtu akijificha pale jicho lisipofika. Akaniambia kwamba kitu kikisimama ghafla mbele, gari linaweza kujifunga breki.

"Lakini haliendeshi, kaka. Linakushika mkono tu. Usije ukaliachia."

Alinihoji mara tatu mpaka nikajua kila alama. Tulipowasha gari kwa mara ya mwisho, alama zote ziliwaka pamoja kwenye dashibodi, na nikaona moja ambayo hatukuigusa.

"Na hiki kikombe?"

Spana alichukua tambara akafuta mikono. Mikono yake ilikuwa safi. Hilo nililiona siku ileile, ila maana yake niliipata baadaye.

"Hicho? Gari linakukaribisha chai tu. Usikijali. Haya magari ya kisasa yana mbwembwe nyingi."

Nikaamini. Kitabu cha gari kilikuwa cha lugha ngeni na herufi kama sisimizi, na hata kingekuwa cha lugha yangu, ningekifungulia nini wakati Spana keshaniambia? Halafu, kwa haki, nani kwetu anaona kikombe chenye mvuke akafikiria usingizi? Aliyekichora alitaka kusema simama, umechoka. Sisi tulisoma karibu. Kwetu kikombe hakijawahi kuwa onyo.

Abiria walikipenda mara moja. Mwalimu mstaafu, mama mmoja mkavu wa maneno aliyekaa kiti cha mbele pembeni yangu, ndiye aliyeanzisha. "Siku hizi hata gari linaomba chai," alisema, na gari zima likavunjika mbavu, maana kila mmoja wetu amewahi kuombwa chai hiyo isiyonyweka, dirishani, na mtu mwenye cheo. Tangu siku hiyo kikombe kikiwaka wanaitikia. Asubuhi nyingine mara moja, nyingine mara tatu. Wagonjwa hawana vichekesho vingi. Nilifurahi kwamba gari langu lina kimoja.

Na kila tulipoingia getini, Spana alikuwa amesimama pale na tambara lake, akichungulia madirishani. Karakana ilifunguliwa saa mbili. Yeye saa kumi na mbili na robo yuko getini, ovaroli imefungwa hadi kooni kwa baridi. Nilimwambia mke wangu, "Spana amelipenda lile gari kama mchumba."

Asubuhi ya ukungu ndiyo iliyoharibu kicheko. Kabla ya daraja kuna kona, na sikumbuki kuiingia. Nakumbuka usukani ukitetemeka viganjani mwangu. Nilipofungua macho, taa zilikuwa zimekwisha kugeuka bila kunisubiri, zikimulika mawe ya ukingo wa daraja, meupe, karibu kuliko nilivyowahi kuyaona. Usukani ukanivuta. Kisha gari likajifunga breki lenyewe, mifuko ya abiria ikaruka, tukasimama hatua mbili nyuma ya mkokoteni wa taka.

Halafu mshonaji akasema, "Gari hili lina akili!" na nyuma wakapiga makofi. Walilipigia gari.

Mwalimu hakupiga. Alinitazama.

"Dereva, jana umelala saa ngapi?"

"Mapema, Mwalimu."

"Basi kunywa hiyo chai," akasema, akageuza uso mbele.

Wiki hiyohiyo niliitwa ofisini. Mkuu wa usafiri, mama mpole aliyekuwa akiniita dereva siku zote, aliniambia, "Karibu, mzee." Mtu akianza kukuita mzee ofisini, jua amekwisha kukuandikia barua. Spana alikuwa pembeni, amesimama karibu na kabati. Nilidhani ameitwa kwa habari ya breki.

Mezani palikuwa na makaratasi. Kila mstari ulikuwa na tarehe, saa na mahali. Ukuta wa kiwanda cha saruji. Kituo cha mafuta. Daraja.

"Hizi ni alama za uchovu wa dereva," akasema. "Arobaini na moja, kwa miezi miwili. Gari linaangalia jinsi unavyoushika usukani, linajua unaposinzia. Fundi ametuletea taarifa kila Ijumaa tangu gari lilipofika."

"Alama ipi?"

"Hii ya kikombe, mzee. Tulimwagiza akueleze maana ya alama zote."

"Alinieleza," nikasema.

Naapa nilisema hivyo. Mdomo wangu ulimkinga kabla akili haijafika. Akili ilifika baadaye kidogo. Arobaini na moja. Mara arobaini na moja wale watu walinipigia kelele kwamba nimelala, nami nikawajibu ahsanteni.

Niliweka ufunguo juu ya makaratasi. Hakuna aliyeniomba.

Spana alinifuata ukumbini, kwenye benchi la watu wanaosubiri vipimo.

"Uliniambia ni chai," nikamwambia.

"Ningekwambia ukweli, kikiwaka ungesimama, unawe uso, uendelee. Ungelidanganya gari kama ulivyonidanganya mimi."

"Mimi nimekudanganya lini?"

"Yule mbwa, kaka."

Mtu aliyebanwa hutafuta jiwe la kurusha. Langu lilikuwepo, tena zito.

"Na wale sita? Miezi miwili umewaacha ndani na mtu unayejua anasinzia, ili upate makaratasi?"

"Ofisi ilitaka ushahidi. Na niliamini gari litawashika."

"Uliliamini gari."

Aliinamisha kichwa. Alikuwa na lile tambara, akalikunja na kulikunjua.

"Nilikuwa nasimama getini kila siku nawahesabu. Nikifika saba ndipo napumua. Sikuwa na ubavu wa kukwambia umezeeka. Nilijaribu. Siku ya somo neno lilikuwa mdomoni, nikaona unavyocheka na zile taa, likatoka lingine."

Nilinyanyuka nikaondoka. Nilitembea mpaka nyumbani, mwendo wa saa nzima, mimi ambaye sikuwahi kutembea hata kwenda dukani. Mke wangu alipouliza gari liko wapi, nilimwambia muulize shemeji yako. Akakaa kitini, akafunika uso na kanga. Hapo nikajua kwamba na yeye aliniona nikisinzia na tonge mkononi, na kwamba walikwisha kuzungumza. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zangu siku hiyo zilikuwa mbili.

Sasa nasema nilichokataa kusema wakati ule. Hapakuwa na mbwa. Palikuwa na ukuta na mimi niliyelala. Usingizi ulikuwa umeanza kuniibia dakika mojamoja, na niliuficha kwa sababu nje ya lile gari sikujua mimi ni nani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo changu kilikuwa na abiria sita. Haya yote nayajua. Mwalimu aliishi miaka mingine minne, akafa kitandani kwake, na kila niliposikia yu hai nilijua sababu mojawapo.

Lakini kujua hakujaniponya. Angeninyang'anya ufunguo getini mbele za watu, ningemtukana, tungenuniana mwezi mzima, mke wangu angetupatanisha. Angeniita mzee kipofu, ningemsamehe kabla ya Ijumaa. Yeye alinifanya nicheke. Alinipa kichekesho nikakibeba asubuhi baada ya asubuhi, nikawagawia wagonjwa, na ndani ya kila kicheko mlikuwa na mstari wa barua yangu ya kuachishwa kazi. Hilo ndilo lililonikaa kooni. Halipandi, halishuki.

Spana anakuja kila Jumamosi mchana. Nilimfungia mlango mwaka wa kwanza, na hakuacha kuja. Alikaa nje kwenye tofali, akaongea na mke wangu kupitia dirishani habari za mvua na magoti. Mwaka wa pili nilichoka kumwona juani. Sasa anaingia, anakaa kiti cha karibu na mlango. Masufuria hayafunui tena.

Mke wangu huleta birika na vikombe vitatu. Kumimina namimina mimi. Namsogezea chake, mvuke bado unapanda, namtazama usoni.

"Karibu chai," namwambia.

Katika saa nzima ya ziara yake hilo ndilo neno pekee ninalompa, na anajua nimetia nini ndani yake. Hajawahi kulikataa. Hajawahi kusubiri ipoe.

"Ahsante, kaka," anasema, anakipokea kwa mikono miwili. Anakunywa ikiwa ya moto hivyohivyo, huku macho yake yakizunguka chumba taratibu, kwa mke wangu, kisha kwangu, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayehesabu.