Uzito wa Elvio

Nives aliisukuma pikipiki yake, Vespa, mpaka karakana ya Spartaco, akaiegemeza ukutani, akasema haipandi tena mlima. Spartaco alikuwa anakula mkate na mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi. Alifuta mikono kwa gazeti, akaiwasha Vespa, akaisikiliza.

“Mbona nzima hii? Injini inaimba.”

“Nikiwa peke yangu inapanda. Nikimpakia Elvio inazimika kona ya tatu.”

“Amenenepa?”

“Anakula kwa nani, shemeji? Ameongezeka uzito tu.”

Elvio, mumewe, alikuwa na mwaka wa tatu tangu afe kwenye machimbo ya marumaru juu ya mji wa Carrara. Kamba ya chuma ilikatika, jiwe likamwangukia. Wiki nzima kabla ya hapo alikuwa akimwambia msimamizi kwamba kamba imechakaa, na msimamizi akamjibu kwamba mwoga akauze maua. Baada ya mazishi, kila alasiri Elvio alimngoja mkewe bondeni, kwenye ukuta wa makaburi, kofia mkononi, vilevile alivyokuwa akimngoja zamani mbele ya baa. Nives alikuwa akipiga deki shule moja mjini. Akitoka kazini alimpakia nyuma, akampeleka nyumbani, kijijini juu. Elvio alikaa jikoni akitazama supu ikichemka, na alfajiri akaondoka. Tangu afe hakuwa amesema neno, lakini hata alipokuwa hai hakuwa msemaji.

Uzito ulianza na kesi ya kifo chake. Hakimu alipoiahirisha mara ya kwanza, kwa sababu wakili wa mwenye machimbo alikuwa anaumwa jino, Elvio alizidi kidogo, kama mtu aliyelowa mvua. Kisha hakimu akahamishwa, na springi za Vespa zikaanza kulia. Kisha mtaalamu wa kamba hakufika mahakamani, na Vespa ikagoma.

Spartaco alifanya kazi machimboni pamoja na Elvio kabla hajashika spana, na watu wa machimbo hupima jiwe kwa macho. Aliandamana na Nives hadi makaburini, akamwamkia rafiki yake, akamzunguka, akafumba jicho moja.

“Robo tani,” alisema. “Na bado anaongezeka. Pole, ndugu yangu.”

Elvio aliinua kofia.

Basi Spartaco alitoa silinda ya cc hamsini, akaweka kubwa zaidi, ya sabini na tano, pamoja na pistoni yake, akabadilisha kabureta na bomba la moshi. Vespa ikapanda mlima ikinguruma, na wazee wa kijijini wakafunga madirisha. Kesi ilipoahirishwa tena, akaweka silinda ya mia na mbili na klachi ngumu. Ilipoahirishwa tena na tena, akaweka ya mia na thelathini, na ili ienee ilimbidi akate chuma hapa na pale. Malipo hakutaka hata kuyasikia. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na jeneza lile lilikuwa jepesi.

Siku moja askari wa barabarani alimsimamisha Nives darajani.

“Mama, chombo kidogo hiki hakiruhusiwi kupakia watu wawili.”

“Huyu amekufa, afande.”

“Naona. Lakini amekaa. Aliyekaa ni abiria.”

Akamwonya, akamwachia, maana baba yake mwenyewe alikuwa mchimba mawe.

Kusema kweli Nives aliupenda uzito ule. Ulimuumiza mgongo, ulimaliza matairi, lakini maadamu upo, lilikuwepo jambo ambalo bado halijaisha. Aliamini hukumu ikitoka, mtu akatajwa kwa jina lake, Elvio atashuka mwenyewe kwenye kiti na kwenda kupumzika. Hakuomba kingine.

Miaka ikaenda. Mwezi wa pili mmoja wenye baridi, hakimu mpya alisoma kwamba muda uliowekwa na sheria umepita, kwa hiyo kesi imekoma. Hakuna aliyetiwa hatiani, na hakuna aliyeambiwa hana hatia. Mlangoni mwenye machimbo alimpa Nives mkono, akamwambia pole kwa yote. Nives aliupokea kabla hajafikiri, na hilo lilimuuma kuliko maneno ya hakimu.

Jioni ile Elvio alikuwa ukutani kama kawaida. Alipanda nyuma, na springi hazikulia. Vespa ilichomoka, Nives nusura aingie mtaroni. Darajani askari yuleyule alimpigia saluti.

“Leo uko peke yako, mama. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.”

“Niko na Elvio.”

Askari alitazama kiti, akatazama tena.

“Sioni mtu,” alisema kwa adabu, akamruhusu apite.

Mlima wote Nives alipanda akigeuka nyuma. Mikono ya Elvio ilikuwa kiunoni mwake, aliiona, lakini hakuihisi.

Kesho yake alasiri alikuwa karakana, Elvio nyuma yake.

“Nirudishie silinda ya hamsini.”

“Shemeji! Sasa ndiyo inakimbia, unataka kuirudisha utotoni?”

“Nataka ihangaike, Spartaco. Ihangaike naye.”

Spartaco alitoka nje, akamtazama Elvio aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha nyuma, akafumba jicho moja. Safari hii hakutaja kipimo. Aliingia ndani kuchukua spana, akachelewa kutoka.

Silinda ya hamsini ilirudi mahali pake, na Vespa ikapanda mlima bila taabu. Kona ya kwanza, ya pili. Kule juu machimboni ile kamba, iliyoungwa pale ilipokatika, ilikuwa inavuta jiwe jingine. Kona ya tatu Nives alizima injini, akashuka, akashika usukani kwa mikono miwili. Elvio alitaka kushuka.

“Kaa hapohapo,” alimwambia.

Akaanza kusukuma, ameinama, akihema kwa nguvu.

“Pole na mzigo,” Elvio alisema.

“Mzito wewe,” Nives alisema. “Mzito kweli.”

Akaendelea kusukuma.