Taa za Nyuma za Otmar

Jumanne, tarehe 6 Februari 1979, saa mbili asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini wingu lilikuwa bado zito juu ya Ushirombo, na barabara ilikuwa tope tupu.

Otmar alichuchumaa uani, nyuma ya pikapu yake, akipuliza kioo cha taa ili kikauke. Huo ulikuwa mpako wa tatu. Kando ya gurudumu palikuwa na kopo la majarini lenye rangi nyeusi nzito. Ilikuwa ni makaa ya betri kuukuu za tochi na redio, yaliyotwangwa laini na kuchanganywa na utomvu wa mnyaa.

Hakuwa akipamba gari. Vita vilikuwa vinaendelea Kagera, na saa nne siku hiyo magari yote ya watu binafsi yangekaguliwa mbele ya ofisi ya kata. Gari zima lingechukuliwa kwenda vitani. Gari bovu lingebaki na mwenyewe. Otmar alikuwa amelima pamba miaka kumi na mmoja kabla ya kuipata pikapu hiyo, na hakukusudia kuitoa. Alikuwa amefikiri kwa makini. Taa za mbele za magari ya msafara zilipakwa rangi nyeusi na kuachiwa ufa mwembamba tu, ili adui wa angani asizione. Kwa hiyo usiku kila dereva alifuata taa nyekundu ya gari lililomtangulia. Gari lisiloonekana kwa nyuma lingegongwa, na msafara wote ungekwama. Hakuna mkaguzi ambaye angelipokea.

Mkewe, Lukresia, alitoka ndani na mkoba wake wa chaki. Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima.

"Kopo langu liko wapi?"

"Kopo gani?"

"Baba Selestine, usiniulize kopo gani nawe umelichuchumalia."

Otmar hakugeuka. Lukresia alikuwa ameomba betri hizo nyumba kwa nyumba tangu Krismasi, ili apake ubao wa darasa lake uliochakaa.

"Wanafunzi wangu wataandika wapi?"

"Mchangani. Bibi wa miaka sitini anakimbilia wapi na herufi?"

"Na Donatus? Anatembea kwa miguu huko Kagera. Aliandika kwamba walimbeba majeruhi siku mbili begani kwa kukosa gari. Barua uliisoma wewe mwenyewe."

"Donatus ni mdogo wako. Gari ni langu."

Lukresia aliinama, akaokota kopo. Rangi iliyobaki haikuzidi kina cha kidole kimoja. Alilitia mkobani, akaondoka kwa miguu.

Mbele ya ofisi ya kata watu walikuwa wamejaa. Darasa la kisomo lilikuwa chumba cha jirani, na wanafunzi walikuwa wamesongamana mlangoni kutazama. Mabula, balozi wa nyumba kumi aliyebeba mizigo kwa mkokoteni wa ng'ombe, alisimama karibu na mkaguzi. Yeye ndiye aliyelipeleka jina la Otmar kwenye orodha ya wenye magari, na kila mtu alijua sababu. Mwaka uliopita Otmar alirudisha gari nyuma bila kutazama, akamgonga ndama wa Mabula. Hakuomba radhi. Alisema ndama yule alikuwa mjinga kama mwenye zizi.

"Mwangaluka, tajiri," Mabula alimwamkia kwa Kisukuma. "Leo umelisindikiza gari lako?"

"Wewe sindikiza ng'ombe wako. Mimi nimeitwa na serikali, si na mchunga mikokoteni."

Mkaguzi alikuwa sajini mfupi asiyependa maneno. Alisikiliza injini, akapiga magurudumu teke, akajaribu breki. Kisha akazunguka nyuma.

"Washa taa."

Otmar aliwasha. Hakikuonekana kitu.

"Kanyaga breki."

Alikanyaga. Vioo vilibaki vyeusi kama masizi ya chungu.

"Hizi zina nini?"

"Ni moshi, afande. Injini inakula oili. Moshi wa eksozi umeviunguza vioo. Nimetafuta vingine mpaka Kahama, hakuna."

"Moshi gani unaopita ukingoni sawasawa bila kugusa bati?" Mabula aliuliza. Alitemea kidole mate, akasugua kioo kwa nguvu. Kidole kilirudi safi. Utomvu ulikuwa umeshika.

"Lamba kabisa, Mabula," Otmar alisema. "Huenda ukaonja ndama wako."

Watu walicheka. Mabula aliurudisha mkono wake taratibu, macho yamemtoka. Sajini alifungua daftari, akachomoa kalamu sikioni.

"Halifai," alisema, akaanza kuandika.

Hapo Lukresia aliwapenya wanafunzi wake mlangoni, akakatiza uwanja. Hakumwamkia mtu. Alisimama nyuma ya pikapu, akatoa chaki, akaandika herufi moja juu ya taa ya kulia. Ilikaa nyeupe na nene.

"A!" alipaza sauti bibi Nyamizi kutoka mlangoni.

"Afande," Lukresia alisema, "masizi ya moshi hayashiki chaki namna hii. Huu ni ubao wangu."

"Mama Selestine!" Otmar alifoka.

"Sasa unaniita. Ulipolichukua kopo hukuniita."

Sajini aliitazama herufi, kisha akamtazama Otmar kwa muda mrefu. Aliagiza mafuta ya taa na kitambaa. Lukresia alisugua mwenyewe. Weusi ulitoka kwa mistari, wekundu ukajitokeza chini yake. Sajini alikanyaga breki kwa mguu wake mwenyewe. Taa zote mbili ziliwaka.

Mabula alipiga makofi. "Tajiri! Mke wako anafundisha vizuri!"

Lukresia alimgeukia, kitambaa mkononi. "Funga mdomo. Wewe ulipeleka jina la mume wangu kwa sababu ya ndama. Mimi nimefuta rangi kwa sababu ya mdogo wangu. Usijifananishe nami."



"Kwangu usirudi," Otmar alimwambia mkewe.

"Nimesikia."

"Ya nyumbani mkasemee nyumbani," sajini alisema, akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Otmar aliutupa topeni. Sajini hakuinama. Alisubiri, mkono ukiwa bado umenyooshwa, mpaka Otmar alipouokota na kuupangusa kwa shati lake.

Sajini aliliandika gari kuwa linafaa, akaliendesha kwenda Kahama saa sita. Mabula alifunga ng'ombe wake kwenye mkokoteni, akawatangazia wenye mizigo waliozoea pikapu ya Otmar kwamba kuanzia kesho atabeba yeye. Otmar alirudi kwa miguu, akalitoa sanduku la mkewe ndani na kuliweka uani, akafunga mlango. Nyamizi aliandika A kumi na mbili mchangani. Lukresia alipaka rangi iliyobaki, ikatosha robo ya ubao, akafundisha kwenye robo hiyo mpaka saa nane. Kisha akaenda kukaa kwa mke wa Donatus.