Vikoi vya Marehemu

Mwenye eda hatoki. Maisa alilisema hilo asubuhi, akalirudia adhuhuri, na maji yalipoanza kulamba ngazi ya baraza akalisema tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayepigilia msumari. Khulud, mjane wa kaka yake, alikuwa amesimama nyuma ya nondo za dirisha akitazama ng'ambo ya kijia. Kijia chenyewe hakikuwepo tena. Masika ya Boko hayana adabu. Yakikosa mtaro hujichongea mto, na leo mto ulipita katikati ya nyumba yao na ya mwalimu Benedicta.

Mwalimu alikuwa juu ya ukuta wa uani kwake. Mkono mmoja ulikumbatia mpapai, mwingine ukagonga sufuria kwa mwiko. Sauti yake ilishindwa na mvua, lakini sufuria ilisikika mpaka barabarani. Huko barabarani wanaume walikuwa wamejipanga, simu juu, wanarekodi. Hakuna aliyeshuka.

"Ukuta ule umejengwa kwa kubahatisha," Khulud alisema. "Ukilala, na yeye kalala."

"Watamtoa. Si unaona wanaume walivyojaa pale?"

"Naona. Wanampiga picha."

Tangu mumewe Jaffar azikwe, Khulud hakuwa amevuka kizingiti. Eda ya kufiwa ni miezi minne na ushei, na Maisa alikuwa amehamia pale kuilinda kama mlinzi wa ghala. Khulud hakuilalamikia eda. Alimpenda mumewe, na kumkalia eda ilikuwa heshima aliyoitoa kwa moyo mmoja. Alichochoka nacho ni kuamrishwa: usiongee dirishani, usicheke, usisimame pale. Na mtu aliyekuwa akija dirishani hapo jioni na bakuli la ndizi, akasimama hata mvuani kumsikiliza akilia, ni huyo huyo mwalimu wa Kihaya aliyekuwa juu ya ukuta.

Akaenda chumbani, akafungua sanduku la nguo za Jaffar.

"Wifi! Hizo ni za sadaka! Haziguswi mpaka eda iishe!"

"Basi sogea, maana nazigusa."

Alitoa vikoi vyote na kanzu juu yake. Alivichovya kwenye ndoo, akavisokota vikiwa vimelowa, akavifunga ncha kwa ncha. Kila fundo alilikanyaga na kulivuta kwa mikono miwili, kwa sababu nguo kavu huteleza lakini iliyolowa hung'ang'ana. Jikoni kulikuwa na madumu mawili matupu ya mafuta ya kula. Vifuniko vilishapotea zamani, kama ilivyo ada ya vifuniko. Akaokota magunzi ya mahindi ya kuchoma waliyokula jana, akayavika mifuko ya nailoni ya sukari, akayapigilia mdomoni mwa madumu kwa mchi wa kinu. Akayageuza madumu ndani ya ndoo, akayakandamiza. Hayakuingiza hata tone.

Maisa sasa alikuwa analia. "Watu watasema nini, Khulud? Watasema nini?"

"Waseme. Midomo yao mie siilishi."

Akafunga ncha moja ya kamba kwenye nondo za dirisha, nyingine kwenye madumu, akajifunga kanga kibwebwe, akafungua mlango.

Barabarani simu zote zilimgeukia. Wote walimjua. Mmoja akapaza sauti, "Mama, rudi ndani, upo kwenye eda!" Khulud akamgeukia na kumjibu kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake.

"Njoo uniingize!"

Hakuja.

Khulud hakuyarusha madumu moja kwa moja. Siku zote za kukaa dirishani zilikuwa zimemfundisha tabia ya yale maji. Kila mvua ikinyesha, ndala na chupa na takataka za watu hufika kwenye mti wa mlonge ulio juu kidogo ya mkondo, zikageuka, zikaenda kugonga ukuta wa mwalimu. Basi akaambaa na ukuta wa nyumba, maji yakimfika kiunoni, mpaka kwenye mlonge. Hapo akayaachia madumu. Yakazunguka, yakasita, yakaenda. Mwalimu akainama kuyadaka, mkono ukapishana nayo.

Khulud akaivuta kamba. Peke yake hakuiweza.

"Wifi! Shika kamba!"

Maisa alisimama mlangoni, tasbihi mkononi. Akamtazama mjane wa kaka yake, akautazama ule ukuta unaotikisika. Kisha akaitia tasbihi kifuani na kushuka ngazi.

Walivuta pamoja, wakayaachia tena. Safari hii mwalimu aliyadaka.

"Jifunge chini ya kwapa! Yakumbatie madumu, usishindane na maji!"

"Sijui kuogelea, dada Khulud!"

"Umezaliwa ziwani halafu hujui? Mhaya gani wewe? Jifunge!"

Mwalimu akaipitisha kamba kwapani, akafunga fundo. Mpapai ulikatika, ukuta ukalala, na mwalimu akaenda nao. Kamba ikakaza, nondo zikalia. Khulud alipiga kelele bila kujua anasema nini. Kisha madumu yakaibuka, na mwalimu juu yake, mto ukamzungusha mpaka upande wao, na Maisa akamkamata kwa nywele.

Maji yalikuwa yameshaingia sebuleni. Wakatoka watatu kwa mlango wa uani, wakapanda hadi barabarani, wakakaa kwenye baraza la duka. Muntasir, kaka mkubwa wa marehemu, akawakuta hapo, suruali imekunjwa magotini. Hakusema pole.

"Nimeiona video," alisema. "Nani kamfungulia mlango huyu?"

Maisa akamwonyesha viganja vyake vilivyochubuka. "Mie nilikuwa nashika kamba, kaka."

Muntasir akamgeukia Khulud. "Eda yako imevunjika. Itabidi uianze upya."

Hakuna kitabu kinachosema hivyo, na Khulud alilijua hilo, ila hakuwa na hamu ya kubishana akiwa ametota. Benedicta alikuwa akitetemeka kifuani kwake, naye alikuwa akimsugua mgongo apate joto.

"Naianza, shemeji," alisema. "Naianza leo hii. Na mto ukirudi kesho, nitatoka tena."