Kila Mlango Ulitoa Saba

Kifuniko cha birika kiligongagonga gizani, juu ya jiko la mafuta ya taa. Umeme ulikuwa umekatika mtaa wetu mzima wa mlimani, ripoti yangu haikuweza kutumwa, nami nikapata nafasi ya kuendelea kuisifu kimoyomoyo.

Kampuni moja ya Bogotá ilikuwa imeniajiri nijaribu dodoso lake kwetu Valparaíso. Kila mama anaulizwa: kutoka moja hadi kumi, chekechea ya mtaa wenu utaipa ngapi? Wastani ukishuka chini ya nane, ufadhili unakatwa. Aukán, kitinda mimba wangu, hushinda humo. Ndiyo maana naweza kufanya kazi na kusoma shule ya jioni.

Kila mlango ulinipa saba. Nilibembeleza, nikarudia swali polepole kama mhubiri. Jirani yangu Doña Herminda alinitazama kwa huruma.

"Nimesema saba, mwanangu. Unataka nikuimbie?"

Basi mimi, msomi wa mihula miwili ya takwimu, nikaandika kurasa nzima kwamba watu wa mlimani ni wagumu wa kusifu, hukimbilia katikati ya mizani. Hata sentensi zangu zilivaa tai.

Tukala kwa mshumaa. Rayén, binti yangu wa darasa la kwanza, alionja mchuzi wa kuku na mahindi, akaupa saba, kama kawaida yake ukimkolea.

Kijiko kikanitoka mkononi. Shule zetu zote maksi ya juu ni saba. Mimi mwenyewe nimezililia hizo saba. Juzi nilipata saba moja, nikaibandika kwenye friji! Kumbe akina mama waliipa chekechea yote waliyokuwa nayo, nami nikawaita wachoyo.

Umeme uliporudi nilifuta kurasa zangu, nikampigia bosi wangu, Doña Amparo, kumwambia kilichofeli ni mizani, si chekechea. Alinisikiliza kwa upole wa mtu asiyeamini. Hata kwao Kolombia maksi huishia tano, akasema, na bado watu hujua kuhesabu hadi kumi. Nimtafutie mtu mmoja tu wa mlimani, asiyesomea takwimu, amweleze. Hapo atanirudisha milangoni na mizani nyingine.

Nikaweka simu mezani, yeye akiwa bado hewani, sauti juu, nikamuuliza Rayén kwa nini mchuzi wangu hakuupa nane.

Akameza kiazi kwanza.

"Baada ya saba hakuna maksi nyingine, mama."