Mguu Sawa, Kyebando

Jumanne moja ya mwezi Machi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, sajini mstaafu Lakica alikuwa akifundisha gwaride katika uwanja wa vumbi nyuma ya maduka ya Kyebando, mtaa mmoja wa Kampala. Wanafunzi wake ishirini na wanne, wanaume na wanawake, walitaka kazi ya ulinzi kwenye mabenki na maghala. Lakica alikuwa amewafundisha polisi kutembea kwa miaka thelathini na mmoja, na asubuhi hiyo hakuridhika na magoti ya mtu yeyote.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Marlène, mama aliyetoka Bukavu, Kongo, miaka tisa iliyopita, pamoja na mashine yake ya kuangulia vifaranga. Mashine ilikuwa na feni, na feni ikaanza kulegea. Mtu mwingine asingesikia. Lakica alisikia kama alivyozoea kumsikia mtu wa safu ya nyuma anayekosea hatua, na bila kugeuza kichwa akapaza sauti: "Mguu sawa!" Wanafunzi wakasimama wima, mikono imebana ubavuni. Feni nayo ikakaza, ikarudi kwenye mwendo wake.

Mashine za kufua umeme za Mto Nile zilikaza pia, na za Kenya, na za Tanzania. Zote zimeunganishwa kwa nyaya na lazima ziende kwa mwendo mmoja, mapigo hamsini kwa sekunde, wala si zaidi wala si pungufu. Wataalamu huuita mwendo huo masafa, na huutazama kama mtu anavyotazama maziwa jikoni. Mashine moja ikizimika ghafla, nyingine hubeba mzigo wake na kulegea. Zikilegea mno, kuna vifaa vinavyokata umeme wa mtaa mmoja baada ya mwingine ili kupunguza mzigo. Mitaa imepangwa kwa orodha, na namba moja kwenye orodha ni Kyebando.

Aliyegundua ni Okwir, mhandisi wa zamu katika chumba cha kudhibiti gridi. Mstari wa masafa kwenye kioo chake ulikuwa na tabia mpya. Ulishuka kama kawaida, halafu ukapanda kwa mara moja na kutulia, bila kuyumba. Okwir alizaliwa kambini, baba yake akiwa koplo, na alijua umbo lile lilikuwa la kikosi kinachotii amri. Alifuata laini kwa laini, mita kwa mita, siku kumi na mbili, hadi akafika Kyebando na kumkuta Lakica akinywa chai.

Lakica alisikiliza hadi mwisho. Alisema alishahisi hivyo tangu mwaka uliopita, ila hakutaka kujisifu. Aliuliza nani alikuwa akizishika hatua mashine hizo kabla yake. Okwir akaeleza kwamba kila mashine ina kifaa kiitwacho gavana, cha kuiongezea nguvu mwendo ukishuka, lakini baadhi ya wenye mashine huifunga gavana isifanye kazi, maana kuitikia kila mara kunaichosha mashine. Lakica akasema huo ni utovu wa nidhamu.

Okwir akamwomba aje kazini rasmi, awe na kiti na kipaza sauti. Lakica alikubali kwa sharti moja.

"Mimi siombi mambo mingi, injinia," alisema. "Hii Kyebando itoke kwa namba moja. Wewe huwezi kukata shingo ya mtu, halafu unataka sauti yake."

Okwir aliona aibu, na haikuwa aibu ndogo. Aliijua orodha ile. Chini kabisa, mahali ambapo umeme haukatwi kamwe, kulikuwa na hoteli, mabalozi na watu wenye namba za simu za kuwapigia wakubwa. Kyebando haikuwa na namba ya mtu yeyote. Aliandika ombi siku hiyohiyo, na mkurugenzi akajibu kwamba linashughulikiwa.

Basi Lakica akaanza kazi. Alifika kila siku saa moja kamili, viatu vinang'aa, akakaa mbele ya kioo. Masafa yakilegea, alisema mguu sawa, nayo yakawa sawa. Mchana aliwarudia wanafunzi wake.

Mkurugenzi aliona si busara gridi nzima kutegemea koo la mtu mmoja, tena kwa lugha isiyo kwenye mafaili. Siku moja alikishika kipaza sauti mwenyewe, akatoa amri kwa Kiingereza safi. Mashine ziliendelea kulegea. Naibu wake, mzaliwa wa mlimani kule Old Kampala, akajaribu kwa Kiswahili: "Mbere tembea!" Mashine za Mto Nile zilimwelewa, maana zimezoea lafudhi hiyo. Za ng'ambo ya mpaka zilingoja zisemeshwe vizuri. Lakica akakipokea kipaza sauti na kumaliza kazi.

Wako watu hapa Kampala wanaosema Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na wezi, na huwafinya watoto wao wakikisema. Mashine hazikuwa na maoni hayo. Ziliagizwa kutoka nchi ambazo Lakica hajawahi kuzisikia, zikafungwa na mafundi wa makabila hamsini, na lugha waliyoitumia mafundi hao kufokeana wakizifunga ilikuwa moja. Lakica alijivunia hilo waziwazi. Kyebando nzima ilijivunia. Wauza nyanya wa soko la Kalerwe walimpa nafasi ya kupita.

Alhamisi moja alfajiri Marlène aligonga mlango wa Lakica. Mayai mia tatu yaliyokuwa ndani ya mashine hayakuwa yake. Alikabidhiwa na wanawake kumi na mmoja wa kanisa lake, wakimbizi kama yeye, kila mmoja na mayai ya kuku wake, na alikuwa ameapa mbele yao kwamba atawarudishia vifaranga.

"Mama Lakica, leo ni siku ya makumi mbili," alisema. "Bitoto bimeanza kutoboa. Bakikata umeme leo, byote bitakufa. Nitabaangalia na macho gani bale bamama?"

Lakica alimwambia kwamba ombi linashughulikiwa. Alipolisema neno hilo alilichukia.

Saa tano na dakika arobaini na mbili asubuhi, mashine mbili kubwa za nchi jirani zilizimika kwa pamoja. Kifaa cha kukata umeme hakina masikio. Kilikata laini ya Kyebando kabla Lakica hajafungua mdomo, kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho. Kisha Lakica akasimama na kutoa amri. Masafa yaliacha kushuka, yakasimama, na kwa sekunde tisa yakapanda hadi hamsini na kukaa hapo. Hakuna mtaa mwingine uliokatwa katika nchi tatu. Madaktari waliendelea kushona, lifti za Nairobi ziliendelea kupanda, na ndani ya chumba wahandisi walisimama wakapiga makofi.

"Kyebando?" Lakica aliuliza.

Okwir alisema imekatwa, na ili irudi lazima fundi aende kwenye swichi kwa mkono. Gari la mafundi lilikuwa limetumwa kwenye hoteli moja ambako taa za ukumbi zilipepesa kidogo.

Lakica akaomba simu. Alimpigia Oyet, mwanafunzi mkubwa kuliko wote, mwanamume wa miaka arobaini aliyekuwa na mwili mnene wenye joto. Alimpa maagizo mafupi na kumwambia aweke simu kwenye sauti kubwa. Uwanjani Kyebando, wanafunzi ishirini na wanne walijipanga safu mbili. Marlène alipita na trei akiwapa mayai, manne kila kwapa, na mengine tumboni ndani ya mashati. Kisha simu ikasema mguu sawa, na mikono ikabana ubavuni.

Umeme ulirudi saa tisa na nusu. Hakuna aliyejisogeza, kwa kuwa hakuna mwenye cheo cha kuwaruhusu. Wengine walisikia kudonolewa mbavuni, wakaangalia mbele. Lakica aliteremka kwenye bodaboda saa kumi na robo, akatembea mbele ya safu zote mbili bila haraka, akitazama magoti. Kwa mara ya kwanza hakupata kosa.

"Mguu pande," alisema.

Vifaranga mia mbili themanini na tisa vilitoka kwenye makwapa na mashati ya Kyebando. Vilipowekwa chini vilianza kutembea kwa mguu wa kushoto. Wanawake kumi na mmoja walikuja na vikapu, na Marlène aliwatazama kwa macho yake ya kila siku.

Barua ya mkurugenzi ilifika baada ya wiki mbili. Ilimpongeza Lakica na ikataja sekunde tisa zile kuwa fahari ya ukanda mzima. Kuhusu ombi la kubadili orodha, ilisema suala limeangaliwa kwa makini. Tukio la Alhamisi lilikuwa limethibitisha kwamba wakazi wa Kyebando wana uwezo wa kipekee wa kuhimili kukatwa, uwezo ambao hauonekani katika mitaa ya chini ya orodha. Kwa hiyo wangebaki walipo.

Okwir aliyeileta hakuweza kuisoma yote kwa sauti. Lakica aliimaliza mwenyewe, akaikunja mara nne. Alikasirika, akasema amekasirika. Kesho yake alikuwa kazini saa moja kamili, maana kuna watu wanaoshonwa hospitalini, nao hawakuitunga orodha.

Kyebando waliipokea habari kwa namna yao. Walichanga rangi, wakamwita Guerschom, mchoraji wa vibao vya maduka, naye akaandika kwenye ukuta wa uwanja kwa herufi za urefu wa mtu: KYEBANDO NAMBA MOJA. Kazi ilipendeza. Marlène aliuliza kwa nini ile nafasi nyeupe iliyobaki chini yake isichorwe hata kuku.

"Hapana, iache," Lakica alisema. "Hapo tutaandika tarehe tuliyotolewa."

Guerschom akafunika makopo yake ya rangi, ila hakuyafunga kwa nguvu.